Ubishi wa supakaa: Za zamani zina roho, au tunazipenda kwa kuwa zimezeeka?

UBISHI ulianzia kwenye kibanda cha PlayStation mtaani, Jumamosi moja ya mvua. Vijana wawili walikuwa wamelipia mchezo wa mbio za magari. Mmoja alichagua Ferrari F40, ile nyekundu yenye bawa kubwa nyuma, gari la enzi za kaseti. Mwenzake akachukua gari la umeme la juzijuzi, lisilonguruma, lakini ukiligusa tu linafyatuka kama jiwe kwenye manati.

Mwenye umeme alishinda. Akashinda tena. Kufikia raundi ya nne, mwenye F40 alikuwa bado anaburuta mkia na bado hataki kubadilisha gari.

“Si uchukue ya umeme pia, tucheze kama watu?” mwenzake akamwambia.

“Hiyo yako ni friji iko na magurudumu,” akajibu bila kutoa macho kwa skrini. “Hii yangu iko na roho.”

Kibanda kizima kililipuka. Huyu anasema gari ni kasi, yule anasema gari ni sauti, mwingine anauliza roho ya gari hukaa wapi, kwa injini ama kwa tangi. Mwenye kibanda akatukumbusha kuwa dakika zinahesabiwa hata mkibishana.

Nimekaa na swali hilo tangu siku hiyo, maana si la pale kibandani peke yake. Kuanzia Italia hadi Japani, wapenzi wa supakaa, yale magari ya chini-chini yenye bei ya jumba la ghorofa, wamekuwa wakigombana juu ya jambo hilohilo. Je, magari ya zamani yalikuwa na haiba kuliko haya ya kisasa, ama ni kumbukumbu tu zinatuchezea akili?

Pikapu ya mjomba

Kwanza tukubaliane roho ya gari ni nini. Mimi sijawahi kuketi ndani ya Ferrari, kwa hivyo nitaanza na gari ninalolijua.

Mjomba wangu alikuwa na pikapu kuukuu. Asubuhi ya baridi ilikuwa haiwaki mpaka uvute choki, ukanyage mafuta mara mbili, usubiri kidogo, ndipo uzungushe ufunguo. Gia ya tatu haikutaka kulazimishwa, ulikuwa unaibembeleza. Mlango wa abiria ulifunguliwa kwa kutoa mkono nje ya dirisha. Mgeni akipewa ufunguo, hata langoni hafiki. Baadaye mjomba alinunua gari jipya kidogo, la otomatiki, la kuwashwa kwa kitufe, na nyumbani kila mtu alifurahi. Lakini hadi leo, jamaa wakikutana, hadithi ni za ile pikapu. Hili jipya halina hadithi hata moja. Linawaka, linaenda, linarudi.

Nadhani hiyo ndiyo roho wanayoizungumzia wapenzi wa magari. Ni ile kazi ambayo gari linakuachia wewe: kulisikiliza, kulikadiria, kujifunza linapenda nini na linakasirishwa na nini. Gari linalofanya kila kitu lenyewe utalitumia. Gari linalokuhitaji utalizoea kama mtu.

Ila mkewe mjomba ana jibu lake kila hadithi hizo zikianza. “Wewe una hadithi,” humwambia. “Sisi tuliokuwa tukisukuma tuna migongo.”

Maneno hayo yaweke mfukoni. Tutayahitaji mbele.

Enzi za jasho

Turudi nyuma hadi 1966. Kampuni ya Ferruccio Lamborghini, tajiri aliyejulikana kwanza kwa kutengeneza trekta, ilizindua Miura kwenye maonyesho ya magari ya Geneva. Injini yake ya silinda 12 ilikuwa imewekwa kwa upana nyuma ya migongo ya dereva na abiria, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa gari la barabarani. Wengi huihesabu kuwa supakaa ya kwanza. Umbo lake lilichorwa na Marcello Gandini wa kampuni ya usanifu ya Bertone, kijana aliyekuwa hata hajatimiza miaka 30. Urembo wake haukuwa na mpinzani, lakini ilikuwa na tabia ya kutisha: kadiri kasi ilivyopanda, pua yake ilitaka kuinuka na usukani ukawa mwepesi mikononi.

Kisha ikaja Countach, iliyoanza kuuzwa 1974, kazi ya Gandini huyohuyo. Jina lenyewe ni neno la mshangao katika lahaja ya eneo la Piedmont, kama vile sisi tungesema “Ala!” Milango yake ilifunguka kwenda juu, na ndiyo iliyobandikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana wengi wa miaka ya 1980. Lakini ukitaka kuirudisha nyuma, huoni kitu. Madereva walikuwa wakiinua mlango, wanaketi kwenye kizingiti, kichwa na mwili nusu nje, mkono mmoja kwa usukani, ndipo warudi rivasi. Hebu fikiria hilo katika maegesho ya Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni.

F40 yenyewe, ile ya kibandani, ilizinduliwa 1987 kuadhimisha miaka 40 ya Ferrari. Ndilo gari la mwisho ambalo mwanzilishi wa kampuni hiyo, Enzo Ferrari, aliliidhinisha kabla ya kufariki Agosti 1988. Ndani hakukuwa na zulia wala redio. Mlango uliufungua kwa kuvuta waya. Usukani haukuwa na mtambo wa kuusaidia, breki hazikuwa na ABS. Injini yake ya silinda nane ilikuwa na turbo mbili zilizochelewa kuamka: unakanyaga mafuta, unangoja, unaanza kujiuliza kama kuna shida, halafu nguvu zote zinakufikia kwa mpigo. Ilifika kilomita 324 kwa saa. Kuiendesha vizuri kulihitaji mtu anayejua kukadiria ule mwanya kati ya kukanyaga na kurushwa.

Unaona mtindo? Kila gari hapa linakumbukwa kwa jambo ambalo fundi wa leo angeliita kasoro.

Mr Bean na gari la dhahabu

Lakini gari ambalo wengi hulitaja wakiulizwa kilele cha enzi hizo ni McLaren F1, lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliyelibuni ni Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini. Dereva anaketi katikati, abiria wawili wako nyuma yake kidogo, mmoja kila upande. Chumba cha injini kimefunikwa kwa dhahabu, na si kwa kuringa: dhahabu inarudisha joto vizuri. Injini ni ya BMW, silinda 12, nguvu za farasi zaidi ya 600, bila turbo. Gia ni za mkono. Breki hazina ABS, na hakuna mtambo wa kuzuia magurudumu kuteleza.

Uzito wake? Takriban kilo 1,140. Karibu sawa na Probox.

Mnamo Machi 1998 F1 ilifika kilomita 386 kwa saa nchini Ujerumani, na rekodi hiyo ikakaa hadi 2005. Yaliundwa magari 106 pekee, yakiwemo ya mashindano. Moja lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka wa 1995, ilhali Murray alikuwa amelibuni gari la barabarani, si la mashindano.

Mmoja wa wamiliki wake unamjua. Ni Rowan Atkinson, mwigizaji wa Mr Bean. Wakati wenzake walifungia F1 zao ndani kama vito, yeye aliiendesha kwa zaidi ya kilomita 60,000. Aliigonga mara mbili. Ajali ya pili, mwaka wa 2011 nchini Uingereza, aliparamia mti na kuvunjika mfupa wa bega. Kulitengeneza gari kulikula pauni 910,000, gharama iliyobebwa na bima. Na baada ya hayo yote, 2015 aliliuza kwa takriban pauni milioni 8. Alikuwa amelinunua kwa pauni 540,000 hivi.

Kuna jambo jingine kuhusu F1 ambalo mashabiki wa ‘zamani halisi’ hawapendi kulisikia. Ili kulifanyia sevisi, mafundi wa McLaren walihitaji laptop moja ya Compaq ya miaka ya 1990 yenye kadi maalum, na miaka zaidi ya 20 baadaye walikuwa bado wakizisaka laptop hizo kuukuu. Naam, hata gari linaloitwa la mwisho lisilo na kompyuta lilikuwa na kompyuta. Tofauti ni kwamba kompyuta ile ilimhudumia fundi, wala haikukaa katikati ya dereva na barabara.

Migongo ya waliosukuma

Sasa toa yale maneno ya mfukoni.

Gari linalokuachia kazi yote linakuachia na makosa yote. Porsche Carrera GT, iliyouzwa kati ya 2003 na 2006, huwa haikosi kwenye orodha ya magari yenye roho. Injini ya silinda 10 iliyotokana na mradi wa mashindano, gia za mkono, klachi yenye wivu: ukiiachilia vibaya, gari linazima mbele ya watu. Haikuwa na mtambo wa kielektroniki wa kulituliza gari likianza kuyumba.

Novemba 30, 2013, gari la aina hiyo lilipoteza mwelekeo kule California na kuwaka moto. Waliokuwa ndani wote wawili walifariki: Roger Rodas aliyekuwa akiendesha, na abiria wake Paul Walker, yule wa Fast & Furious. Wachunguzi walisema gari lilikuwa likienda kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali pa 72, na tairi zake zilikuwa na umri wa miaka tisa. Hawakupata kasoro ya mitambo.

Kizazi chetu kilimlilia Walker. Lakini tukirudi kwa ubishi wetu, tunasahau kuuliza: yale tunayoyaita roho, tungeyaitaje kama sisi ndio tungekuwa kwenye kiti cha abiria? Mtambo wa kuzuia gari kuyumba umekuwa lazima kwa magari mapya barani Ulaya tangu 2014, na hakuna mama aliyewahi kulalamika kwamba umeondoa haiba.

Kwa hivyo mtu akikuambia magari ya zamani yalikuwa bora, mrekebishe. Yalikuwa magumu. Kama ugumu huo ni utamu ama ni hatari, inategemea umeketi wapi.

Namba hazidanganyi, lakini hazisimulii

Upande wa kisasa, kazi iliyofanywa ni ya kushangaza. Bugatti Veyron ya 2005 ilikuja na nguvu za farasi 1,001, turbo nne na kasi ya kilomita 407 kwa saa, na bado ungeweza kuiendesha polepole kwenda dukani bila jasho. Ferrari SF90 ya 2019 ina nguvu za farasi 1,000 kutoka kwa injini ya silinda nane na mota tatu za umeme, na inaweza kutoka langoni asubuhi kimya kimya bila kuamsha jirani. Rimac Nevera, gari la umeme linaloundwa Croatia, lina mota nne, moja kwa kila gurudumu. Mnamo 2023 ilitoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde 1.81. F40 ilihitaji zaidi ya sekunde nne.

Sekunde 1.81! Hujamaliza hata kusema “subiri nifunge mkanda.”

Shida ni kwamba ukimaliza kuitaja namba hiyo, mara nyingi umemaliza hadithi. Kufikia kasi hiyo kwa usalama, ni lazima kompyuta iamue mambo mamia kabla ya wewe kupepesa jicho: gurudumu lipi lipewe nguvu, lipi linyimwe, breki ishike kiasi gani. Mguu wako umegeuka ombi. Unaomba, gari linaamua.

Na uzito umepanda. Lamborghini Revuelto ya 2023 ina kilo zaidi ya 1,700 kabla hujaijaza mafuta na maji. Nevera inazidi kilo 2,000. Betri ni nzito, mifuko ya hewa ni mizito, mitambo ya kupunguza moshi ni mizito. Gari zito linaweza kuwa na kasi ya ajabu, ila ule wepesi wa kuhisi changarawe ndogo kupitia usukani unapotea, na hakuna programu inayoweza kuurudisha wote.

Sheria nazo zimechangia. Ulaya imekaza kamba kuhusu moshi na kelele, ndiyo maana injini kubwa zilizopumua zenyewe zimepisha injini ndogo zenye turbo na msaada wa umeme. Turbo inameza sehemu ya sauti, na vichujio vya moshi vinameza nyingine. Tangu Julai 2024, magari mapya huko lazima yawe na mtambo wa kukuonya ukizidisha kasi. Yaani unanunua supakaa halafu inakulilia kama kondakta aliyenyimwa nauli.

Gia za mkono nazo zimeenda. Lamborghini ilipoacha kuunda Gallardo 2013, iliziaga pia. Ferrari iliachana nazo miaka hiyohiyo. Sababu si uovu wa kampuni. Wateja hawakuwa wakizinunua. Waliolilia klachi mitandaoni hawakuwa ndio wenye hela.

Gari lililoitwa friji kabla ya friji

Mpaka hapa mwenye F40 kibandani anaonekana kushinda. Subiri kwanza tulitaje Honda NSX.

Katika miaka ya 1980 Wajapani waliamua kuunda gari la kuwakabili Ferrari nyumbani kwao. Bodi yote ilikuwa ya alumini, jambo lisilowahi kufanywa kwa gari la kuuzwa kwa wingi. Injini ya silinda sita ilikaa nyuma ya dereva. Ayrton Senna, bingwa wa Formula 1 aliyekuwa akishindania McLaren kwa injini za Honda, alilijaribu likiwa bado linaundwa na kuwaambia wahandisi kwamba halijakaza vya kutosha. Wakarudi kuiimarisha bodi. Likaanza kuuzwa 1990.

NSX iliwaka kila asubuhi. Uliona nje pande zote. Kiyoyozi kilifanya kazi. Klachi ilikuwa nyepesi. Haikukuacha barabarani. Na unajua wanahabari kadhaa wa magari walisema nini enzi hizo? Kwamba ni gari bora, lakini limekamilika mno. Halina ule wazimu wa Ferrari. Halina roho.

Soma tena. Lile gari la miaka ya 1990 ambalo leo mashabiki wanalitaja kama mfano wa roho ya zamani, likiwa jipya liliitwa friji.

Mmoja ambaye hakukubaliana nao ni Gordon Murray. Alipokuwa akiibuni McLaren F1 aliendesha NSX, akashangazwa na jinsi ilivyokuwa tulivu bila kupoteza ukali, na akaifanya kipimo chake. Aliimiliki kwa miaka. Hata aliwaomba Honda wamtengenezee injini ya F1. Walipokataa ndipo akaenda BMW. Kwa hivyo gari lenye roho kuliko yote lilijifunza kutoka kwa lile lililosemekana kukosa roho.

Halafu 2016 Honda wakaleta NSX mpya. Turbo mbili, mota tatu za umeme, gia tisa za otomatiki, nguvu za farasi 573, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Ilikuwa na kasi na ilikuwa rahisi kuendesha. Lawama zikawa zilezile, neno kwa neno: halina roho. Ilikoma kuundwa 2022, zikiwa zimetoka chini ya 3,000. Ile ya zamani ilidumu miaka 15 na kuzidi 18,000.

Je, miaka 30 ijayo ile ya 2016 itasamehewa kama mama yake? Inawezekana. Sehemu ya kile tunachokiita roho ni vumbi la wakati. Magari mabovu ya zamani yalishakufa na kusahaulika, yaliyobaki ni yale mazuri, nasi tunayalinganisha na kila kinachotoka kiwandani leo, kizuri kwa kibaya. Hiyo si mechi ya haki.

Lakini si vumbi pekee. NSX ya kwanza ilikuwa rahisi kuendesha, na bado wewe ndiye uliyebadilisha gia, wewe ndiye uliyeamua mguu ukanyage kiasi gani, na injini ilikujibu hapohapo kwa sauti yake halisi. Ilikuondolea usumbufu ikakuachia kazi. Hapo ndipo ninapouona mpaka. Usumbufu ni choki, mlango mbovu, kurudi rivasi ukining’inia nje. Kazi ni uamuzi. Gari likikuondolea usumbufu, limekuheshimu. Likikuondolea uamuzi wote, limekugeuza abiria mwenye usukani.

Waundaji wenyewe wanarudi

Ushahidi kwamba jambo hili si porojo za wazee ni kuwa watengenezaji wenyewe wameanza kugeuka.

Murray alirudi 2020 na T.50: kiti cha dereva katikati, injini ya silinda 12 inayozunguka hadi mara 12,100 kwa dakika, gia sita za mkono, kilo 986. Yalipangwa magari 100 tu. Pagani walizindua Utopia 2022 na kumruhusu mteja achague gia za mkono. Bugatti, wenye turbo nne, walionyesha Tourbillon 2024: injini mpya ya silinda 16 isiyo na turbo hata moja, ikisaidiwa na umeme, na dashibodi yenye mishale halisi iliyoundwa na mafundi wa saa wa Uswisi. Skrini ipo, lakini inajificha mpaka uiite.

Mate Rimac, aliyeunda Nevera na ambaye pia anaongoza Bugatti, alikiri hadharani 2024 kwamba matajiri hawalichangamkii gari la umeme la bei hiyo kama alivyotarajia. Alilinganisha na saa: saa ya kidijitali hufanya mengi zaidi, lakini anayetaka kulipa pesa nyingi hununua yenye mishale na magurudumu madogo ndani.

Hata upande wa magari ya watu wa kawaida kidogo, Hyundai Ioniq 5 N ya umeme ina mtambo wa kuiga gia na sauti ya injini. Haihitaji gia, lakini inajifanya kuwa nazo ili dereva asiboeke. Cheka, ila wahandisi wameelewa kuwa binadamu anataka kushirikishwa.

Jambo linalouma ni bei. T.50 iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni mbili kabla ya kodi. Roho, ambayo zamani ilikuja bure kwa sababu teknolojia ilikuwa changa, sasa ni anasa ya kulipiwa ziada. McLaren F1 moja ilipigwa mnada Marekani 2021 kwa zaidi ya dola milioni 20. Hiyo si bei ya usafiri. Gari la aina hiyo huenda lisisikie lami tena, na gari lisiloendeshwa, hata liwe la mwaka gani, lina roho gani?

Na sisi je?

Unaweza kuuliza, buda, haya yote yananihusu vipi na mimi napanda matatu? Yanakuhusu.

Kwanza, kanuni ya kawaida hapa Kenya hairuhusu kuagiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. NSX ya 1990, ingawa usukani wake uko kulia kama yetu, si ya kuagizwa kama unavyoagiza Fit. Magari ya kale utayaona kwenye maonyesho ya Concours d’Elegance pale Ngong Racecourse, yameng’arishwa hadi chini ya boneti. Nenda siku moja. Sikiliza injini ya kabureta ikiwashwa, kisha uje tubishane.

Pili, ubishi huu tayari uko barabarani kwetu. Yule anayependa mngurumo wa Subaru usiku na yule anayelala karibu na barabara hiyo wanabishana kuhusu roho. Dereva wa nganya anayejua matuta yote ya ruti yake kwa kiuno, na yule anayejifunza basi la umeme lisilo na gia, wanabishana kuhusu roho. Kijana wa bodaboda aliyehamia pikipiki ya umeme atakuambia mafuta hayamsumbui tena, halafu atanyamaza kidogo na kusema kwamba ile ya zamani ilikuwa “inaongea.”

Sisi ndio kizazi ambacho pengine kitafundishia watoto wake udereva kwenye gari lisilo na klachi. Sitaki tuwadanganye kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora. Paul Walker angekuwa na miaka 50 na kitu leo. Ila sitaki pia tuwaambie kwamba gari ni namba tu ya sekunde.

Jibu langu ni hili: ndiyo, supakaa nyingi za zamani zina haiba kuliko warithi wao, na sababu si umri wao. Zilimwachia dereva uamuzi. Gari la kisasa linaloacha uamuzi huo, hata la umeme, litakuwa na roho. Na gari la zamani lililokuwa bovu tu lilikuwa bovu tu.

Nilirudi kibandani wiki iliyofuata. Yule kijana alikuwa bado na F40 yake, bado anashindwa. Lakini raundi ya mwisho aliingia kona pana, akaachilia mafuta mapema, akakanyaga tena kabla kona haijaisha ili turbo ziamke wakati gari limenyooka. Akampita mwenye umeme, ambaye alikuwa ameingia kwa pupa akiamini gari litamsaidia. Kibanda kikalipuka tena.

Alishinda mara hiyo moja tu. Mshindi wa raundi nyingine zote alipolipa na kuondoka, hakuna aliyekumbuka alishinda vipi. Lakini ile kona moja ya F40 ilikuwa bado inasimuliwa nikitoka.